Barafu ya Antaktika si maji matupu

Barazani Mji wa Kale, Mombasa, kahawa chungu ikimiminwa, hoja hii haikosi msemaji: "Nani alikuwepo miaka laki nane iliyopita akapima joto? Wanasayansi wanabahatisha tu."

Hawabahatishi. Theluji ya katikati ya Antaktika karibu haiyeyuki; hulaliwa na ya mwaka unaofuata hadi ikashindiliwa kuwa barafu, na humo hunaswa viputo vya hewa. Ni hewa yenyewe ya enzi hizo, si alama yake! Kipande cha barafu hupondwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa, viputo vikapasuka, kilichotoka kikapimwa. Joto husomwa kwenye maji ya barafu hiyo: baridi ikizidi, oksijeni nzito (aina ya oksijeni yenye uzito zaidi ya ile ya kawaida) hupungua katika theluji, maana nyingi hudondoka na mvua njiani.

Barafu iliyochimbwa Dome C, huko huko Antaktika, zaidi ya mita 3,000 kwenda chini, inarudi miaka 800,000. Muda wote huo kaboni dioksidi, gesi inayonasa joto, ilicheza kati ya sehemu 170 na 300 hivi kwa milioni ya hewa. Leo imepita 420. Kwa hiyo anayesema "tangu zamani hupanda na kushuka" kasema nusu ya kweli.

Tarehe nazo zina ushahidi: salfa ya volkano ya Tambora, Indonesia, iliyolipuka 1815, imekutwa kwenye barafu ya Greenland na ya Antaktika pia, katika matabaka ya miaka hiyo hiyo.