Isoma: fomula moja, vitu viwili tofauti

Ukiandikiwa ubaoni C₂H₆O na kuulizwa ni kitu gani, jibu sahihi ni kwamba bado hujaambiwa vya kutosha. Huenda ni ethanoli, ile alkoholi ya kwenye bia na vitakasa mikono, ambayo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi. Huenda pia ni dimethili etha, inayochemka kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri, yaani katika joto la kawaida ni gesi. Zote zina kaboni mbili, haidrojeni sita na oksijeni moja. Kampaundi kama hizi, zenye fomula moja ya molekuli lakini atomu zake zimepangika tofauti, ndizo huitwa isoma.

Siri iko kwenye bondi. Bondi kovalenti ni jozi ya elektroni inayochangiwa na atomu mbili. Kwa kawaida kaboni huunda bondi nne, oksijeni mbili, haidrojeni moja tu. Katika ethanoli, oksijeni imeshika kaboni upande mmoja na haidrojeni upande wa pili. Katika etha, imekaa kati ya kaboni mbili. Haidrojeni hiyo iliyoshikwa na oksijeni ndiyo yenye mambo. Huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani, kwa hiyo molekuli za ethanoli hung'ang'aniana na huhitaji joto zaidi kuachana. Etha haina haidrojeni ya namna hiyo.

Hata wanakemia wakubwa jambo hili liliwasumbua. Katika miaka ya 1820 Friedrich Wöhler alichunguza sianeti ya fedha, chumvi tulivu, naye Justus von Liebig akachunguza fulmineti ya fedha, ambayo hulipuka ikisuguliwa kidogo tu. Vipimo vikaonyesha elementi zilezile kwa uwiano uleule, na Liebig akashuku kwamba mwenzake amepima vibaya. Mwaka 1830 Jöns Jacob Berzelius wa Sweden akalipa jambo hilo jina tunalolitumia hadi leo.

Wanafunzi wengi hunaswa kwenye kuchora. Mtu huchora mnyororo uleule, akaukunja kona, akauhesabu kuwa isoma mpya. Bondi ya jozi moja ya elektroni huziacha atomu zizunguke, kwa hiyo kukunja mchoro hakubadili molekuli. Fuata kaboni kwa kidole: zikiwa nne mfululizo, hiyo ni butani, hata uipinde vipi. Isobutani ina tatu mfululizo, na ya nne imechomoza kwenye ile ya katikati. C₄H₁₀ ina isoma hizo mbili basi, lakini C₁₀H₂₂ ina 75. Usijaribu kuzichora zote.

Bondi maradufu, yenye jozi mbili za elektroni, huleta mambo mengine, na hapa karafuu ya Pemba inatufaa. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni eugenoli, C₁₀H₁₂O₂: pete ya benzini, yaani kaboni sita zilizoungana kwa duara, yenye mkia wa kaboni tatu, na bondi maradufu iko kwenye ncha ya mkia. Ukiipasha moto pamoja na alkali kali, bondi hiyo husogea hadi kaboni iliyo jirani na pete, bila atomu kuongezeka wala kupungua. Sasa ni isoeugenoli, na ikioksidishwa hutoa vanilini, kiini cha harufu ya vanila. Viwanda viliwahi kutengeneza vanilini kwa njia hiyohiyo.

Tena, bondi maradufu haizunguki kirahisi. Ndiyo maana isoeugenoli yenyewe ina sura mbili: sisi, ambapo pete na kaboni ya mwisho ziko upande mmoja wa bondi, na transi, ambapo ziko pande tofauti. Eugenoli haina sura hizo ingawa nayo ina bondi maradufu, kwa sababu kaboni yake ya nchani imeshika haidrojeni mbili. Zibadilishane nafasi, unapata molekuli ileile.