Tiba kwa mazingira ya asili kwa watoto wenye mahitaji maalumu: dhana potofu na ukweli

"Mtoto akikaa karibu na miti na wanyama atapona."

Hakuna dhana inayowaumiza wazazi kuliko hii, kwa maana huwafanya wauze hata kile kidogo walicho nacho wakitafuta uponyaji usiokuwapo. Usonji, mtindio wa ubongo na sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mtoto) haviondolewi na hewa safi wala na mnyama yeyote. Kinachoweza kuongezeka kwa tiba hii, yaani shughuli zilizopangwa za bustani, matembezi na wanyama, ni uwezo wa mtoto kutulia, kushika, kusubiri zamu yake na kuwasiliana na wenzake. Tiba ya kuogelea na pomboo imeuzwa kwa bei kubwa katika nchi mbalimbali, lakini watafiti Lori Marino na Scott Lilienfeld, walipozichambua tafiti zilizoitetea, mwaka 1998 na tena mwaka 2007, walikuta zina kasoro nzito zisizoruhusu kudai kwamba inatibu.

"Basi ni michezo tu, haina ushahidi wowote."

Hapana. Mwaka 2009 Andrea Faber Taylor na Frances Kuo wa Chuo Kikuu cha Illinois walichapisha utafiti wa watoto 17 wenye tatizo la umakini na utulivu, waliotembezwa dakika 20 katika bustani ya umma, katikati ya mji na kwenye mtaa wa makazi, kila eneo kwa wakati wake. Baada ya matembezi ya bustanini umakini wao ulipimwa ukaonekana bora zaidi. Idadi hiyo ni ndogo, na haifai kuijengea ahadi kubwa. Uzito zaidi uko katika utafiti wa Robin Gabriels na wenzake, uliotoka Marekani mwaka 2015, ambapo watoto wenye usonji waliofundishwa kupanda farasi kwa wiki 10 walipungukiwa na hasira na mihangaiko kuliko wenzao waliojifunza habari za farasi bila kumgusa aliye hai.

"Asiye na uwezo wa kulipia farasi hana la kufanya."

Hapa ndipo wazazi wengi wa kwetu hukata tamaa bure. Kinachoifanya shughuli iwe tiba ni lengo lililopangwa na kufuatiliwa, na lengo hilo linaweza kufanyiwa kazi kwenye tuta la mchicha nyuma ya nyumba. Mtoto ambaye mkono wake mmoja umekakamaa hupewa kidumu chenye maji kidogo, akishike kwa mikono yote miwili na kukiinamisha polepole juu ya miche. Mkono ukizoea, maji huongezwa. Mwenye usonji asiyevumilia udongo mbichi viganjani halazimishwi: huanza kwa kuchimba na kijiko, kisha hushika mchanga mkavu, na udongo wenye unyevu huja baadaye, pengine baada ya wiki kadhaa. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku, ndiye anayefaa kupanga hatua hizo na kupima maendeleo, lakini mzazi au bibi aliyeelekezwa vizuri anaweza kuziendeleza nyumbani kila siku, na marudio hayo ya kila siku hospitali haiwezi kuyatoa.

"Mtoto wa namna hii ataumia, heri abaki ndani."

Hofu hii ina msingi, ila jibu lake ni kuandaa mahali pa kufanyia shughuli. Utomvu wa mnyaa huunguza macho na mbegu za mbarika ni sumu, kwa hiyo mtoto anayetia kila kitu mdomoni asipelekwe penye mimea hiyo. Mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na maji hata kwa muda mfupi. Mwenye sindromu ya Down achunguzwe shingo na daktari kabla ya kupandishwa farasi, kwa sababu baadhi yao viungo vya mifupa ya juu ya shingo havikukaza. Watoto wengi wenye usonji huvutwa mno na maji na huweza kuchopoka bila mtu kutambua, hivyo kisima kifunikwe na pipa liwekewe mfuniko unaofungwa kabla ya siku ya kwanza ya shughuli.