Uvimbe wa jicho baada ya kutolewa mtoto wa jicho: kwa nini mwenye kisukari awe makini zaidi

Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho iliyoingia ukungu. Daktari huitoa na kuweka ya bandia, na wengi huanza kuona vizuri ndani ya siku chache. Hata hivyo jicho hilo lina jeraha, na jeraha huvimba. Sehemu zilizoguswa hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazolegeza kuta za mishipa midogo ya damu mpaka ivuje. Ndipo jicho linapokuwa jekundu, likauma na kuogopa mwanga.

Kwa kawaida hali hiyo hutulia baada ya wiki chache. Kwa mwenye kisukari, mishipa hiyo huenda imeshadhoofishwa na sukari ya miaka mingi, pengine ilikuwa ikivuja hata kabla ya upasuaji. Maji yanayovuja yanaweza kujaa kwenye makula, kile kijisehemu cha katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) tunachotumia kusoma na kutambua sura za watu. Uvimbe wa makula unaofuata upasuaji huu huitwa Irvine-Gass, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza, mmoja mwaka 1953 na mwingine 1966.

Kinachonitia hofu ni wakati wake. Mara nyingi hujitokeza wiki ya 4 hadi ya 6, jicho likiwa jeupe, haliumi, na chupa ya dawa imeshasahaulika.

Kuudhibiti huanza kabla ya upasuaji: retina ichunguzwe, na ikiwa makula imeshavimba, itibiwe kwanza kila inapowezekana. Baadaye huja matone ya steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, kama prednisoloni au deksamethasoni, ambayo hupunguzwa kidogo kidogo. Mara nyingi daktari huongeza matone yasiyo ya steroidi, kama ketorolaki au nepafenaki, yanayozuia prostaglandini zisitengenezwe. Usiyaache kwa sababu tu unaona vizuri. Usiyarefushe kwa uamuzi wako pia, maana steroidi huweza kupandisha presha ya jicho bila wewe kuhisi lolote, na presha hiyo huua mshipa wa fahamu wa jicho. Makula ikivimba licha ya matone, zipo sindano zinazochomwa ndani ya jicho lenyewe.

Katika wiki hizo, ziba jicho moja, tazama fremu ya mlango kwa lile lililopasuliwa. Ukiona ubao umepinda, au katikati pamefifia, rudi kliniki siku hiyohiyo, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.