Paa Likiezuliwa, Turubai Huanzia Kileleni

Upepo ukishaezua paa, kila anayefika uani hutazama tundu. Mimi kama fundi wa paa hutazama juu ya tundu, kuelekea kileleni, maana maji ya mvua ijayo yatatokea huko. Turubai lililotandazwa juu ya tundu peke yake, hata likiwa zito na jipya, hupitisha maji chini ya ukingo wake wa juu, na maji hayo huingia ndani kama kawaida. Nakutana na hali hii mara nyingi kwenye nyumba zilizozibwa haraka haraka, na inaniuma, kwa sababu mwenye nyumba ameshatumia fedha, ameshahatarisha maisha yake juu ya ngazi, na bado watoto wanalala kwenye godoro lililolowa.

Ila kazi haianzii juu. Maji yakiwa yamekaribia taa, soketi au nyaya, zima umeme kwenye swichi kuu, mradi uifikie bila kukanyaga maji. Ikiwa swichi yenyewe imelowa, iache na uite fundi umeme. Waya uliodondoka nje uchukulie kuwa una umeme hadi wahusika wathibitishe vinginevyo. Kama kuna paneli za sola juu ya paa, kumbuka kuwa kuzima swichi kuu hakuzizimi: jua likiwaka, zinaendelea kuzalisha umeme hata zikiwa zimevunjika.

Kisha tazama dari. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, na lita 1 ni kilo 1. Tundu la mita 3 za mraba likinyeshewa milimita 30 limeingiza lita 90, na hapo sijahesabu maji yanayoteremka kutoka sehemu ya paa iliyo juu ya tundu. Kilo 90 juu ya dari la jipsamu ni hatari. Uvimbe ukiwa mdogo, weka ndoo, simama pembeni na utoboe kitundu kwa bisibisi ili maji yashuke taratibu. Ukiwa mkubwa, hamisha watu na ufunge chumba.

Piga picha za uharibifu kabla hujafunika chochote, nje na ndani, na utunze vipande vilivyong'oka pamoja na risiti za vifaa. Wenye bima watavihitaji.

Kupanda juu ni baada ya upepo kutulia, paa likiwa kavu, mchana, na angalau dakika 30 baada ya radi ya mwisho kusikika. Mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kimo, na ncha yake ipite ukingo wa paa kwa karibu mita 1. Kwenye bati, kanyaga penye mstari wa misumari, kwa sababu hapo chini pana mbao. Kama paa ni la simenti ya asbesto, usilipande wala kulikata; hupasuka ghafla chini ya mguu, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu. Hiyo ni kazi ya wenye vifaa vya kujikinga.

Pima kabla ya kununua. Watu hupima tundu, ilhali kinachopimwa ni mteremko mzima kuanzia kileleni hadi ukingo wa chini, kisha unaongeza zaidi ya mita 1 ya kuvuka upande wa pili, na kidogo cha kuzungushia mbao. Turubai la mita 4 kwa 6, ambalo ndilo kipimo cha kawaida cha maturubai ya misaada, halitoshi kwa mteremko wa mita 5. Likipungua, ukingo wake wa juu upenyezwe chini ya safu ya bati au vigae vilivyo juu yake. Ukiunganisha mawili, la juu lilalie la chini, kama bati zinavyolaliana.

Sasa kulifunga. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi yake: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara 4. Tena upepo hausukumi paa kutoka ubavuni tu. Unapopita juu yake hulinyonya kwenda juu, hasa kwenye kona, kingo na kileleni. Ndiyo maana sikubali mawe wala matofali juu ya turubai. Hayazuii mnyonyo huo, na yakiporomoka yanaweza kuua mtu. Vile vitobo vya pembeni vyenye pete navyo havitoshi, kwa kuwa huchanika kimoja kimoja.

Chukua ubao, uzungushe ukingo wa turubai kwenye ubao huo mzunguko mzima au zaidi, ulaze ubao ukiwa umefungwa humo, kisha upige skrubu ndefu hadi ziingie kwenye mbao za paa. Bati peke yake halishiki skrubu. Hivyo upepo unavuta ubao wote, hauvuti kitobo kimoja. Ubao wa juu ukae ng'ambo ya kilele, na wa chini ukae chini ya ukingo wa paa. Kingo za kando zikandamizwe kwa mbao zinazofuata mteremko. Usiweke hata ubao mmoja wa kukatiza katikati, kwa sababu utazuia maji, yatakusanyika, na kila tundu la skrubu litavuja. Penye tundu kubwa, tanguliza mbao za muda chini ya turubai ili lisibonyee na kufanya bwawa.

Na madirisha? Dirisha lililovunjika upande unakotoka upepo lizibwe siku hiyohiyo. Upepo ukiingia humo husukuma paa kutoka chini, huku ule wa juu ukilinyonya.

Yapo mapaa ambayo turubai halisaidii. Marekani, mpango wa serikali wa kufunika mapaa kwa plastiki baada ya vimbunga huyaacha yale ambayo nusu ya muundo wake au zaidi imeharibika, na mimi naona ni kipimo cha busara. Kenchi zikiwa zimevunjika au kuta zimepasuka kwa juu, hameni kwanza.

Turubai la kawaida huliwa na jua. Hesabu wiki chache, na ulikague kila baada ya upepo: skrubu zilizolegea, mikunjo inayopigapiga, maji yaliyotuama. Ndani nako kusisubiri. Ukungu huweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo toa vilivyolowa, fungua madirisha mazima, na ubomoe dari lililolainika. Fundi akija kuezeka upya, mwonyeshe kila mahali palipopigwa skrubu, hasa kwenye bati ambazo tufani haikuzigusa, ili azibadilishe au azizibe kabla hajaondoka.