Oleanda ya njano: mtoto akitapika, sumu haijaisha

Oleanda ya njano ni mmea gani?
Ni kichaka kinachoweza kuwa mti mdogo wa mita 3 hadi 6. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, lakini leo kimepandwa karibu kote kwenye nchi za joto. Majani yake ni membamba, marefu, yanang'aa. Maua ni ya njano, mara nyingine ya chungwa au meupe, na yana umbo la faneli. Ukivunja tawi, utomvu mweupe unachuruzika. Tunda ni la kijani na huwa jeusi likiiva, na ndani yake mna kokwa ngumu yenye mbegu 2 hadi 4. Kokwa hiyo ndiyo inayotuletea wagonjwa hospitalini.

Kama ni hatari, kwa nini watu wanaupanda?
Kwa sababu unapendeza na hausumbui. Unavumilia ukame, unachanua muda mrefu, na unafaa kwa ua wa kuzunguka nyumba kwa kuwa mifugo huukwepa. Wapo ndege wanaokula nyama ya tunda wasidhurike, na hapo ndipo watu hudanganyika. Tumbo la ndege si la mtoto wako.

Sumu iko sehemu gani?
Kote: majani, maua, gome, mizizi, utomvu. Mbegu ndizo zenye sumu kali zaidi. Kukausha au kuchemsha hakuiondoi.

Inafanya nini mwilini?
Inashambulia moyo. Ina kemikali za jamii moja na digoksini, dawa ya moyo ambayo madaktari huipima kwa uangalifu mkubwa. Kemikali hizo huzuia pampu ndogo za seli zinazopitisha sodiamu na potasiamu. Potasiamu hupanda kwenye damu, na umeme wa moyo huvurugika. Ukishika kifundo cha mkono cha mgonjwa unasikia mapigo yakija polepole, yanaruka moja, yanarudi, yanasita tena.

Kabla ya hapo huja kichefuchefu, kutapika, kuharisha, maumivu ya tumbo, kizunguzungu na uchovu. Baadhi husikia mdomo ukiwaka au kufa ganzi. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Mtoto ametapika mbegu. Si sumu imeshatoka?
Hapana. Kutapika ni dalili kwamba sumu imeanza kazi. Hata ukiona vipande vya mbegu kwenye matapishi, hujui vingapi vimebaki wala ni kiasi gani kimeshaingia kwenye damu. Mpeleke hospitali.

Sasa ametulia, anacheza. Tusubiri hadi asubuhi?
Hapana. Moyo unaweza kuvurugika baada ya mgonjwa kuonekana amepata nafuu, wakati mwingine siku ya pili. Hawa ndio tunaowapokea wakiwa wamechelewa: mama anasema alitapika jana jioni, akalala vizuri, asubuhi akashindwa kusimama. Kulala vizuri si kipimo cha moyo. Nendeni usiku huo huo.

Tumpe maziwa kwanza? Maji ya chumvi? Makaa ya jikoni?
Hapana, hapana, na hapana. Maziwa hayaui sumu hii. Maji ya chumvi yenyewe yanaweza kumuua mtoto. Makaa ya jikoni si ule mkaa maalumu wa hospitali. Usimtie kidole kooni, maana matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kila dakika mnayotumia kukoroga vitu nyumbani inaliwa kutoka kwenye muda wa matibabu. Mtoe mabaki mdomoni, msuuze, muondoke. Beba tunda au tawi, na ukumbuke saa aliyokula.

Awe mtoto au mtu mzima, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, msimkaripie. Mleteni.

Hospitali watafanya nini?
Watapima umeme wa moyo na potasiamu, kisha watamweka chini ya uangalizi hata kama hana dalili. Mapigo yakishuka sana kuna atropini, dawa ya kuyaharakisha. Ipo pia dawa ya kingamwili dhidi ya digoksini. Utafiti uliofanyika Sri Lanka, ambako sumu hii imelaza watu wengi tangu miaka ya 1980, ulionyesha mwaka 2000 kwamba dawa hiyo ya kingamwili inarudisha mapigo sawa. Ni ghali na haipatikani kila mahali, sababu nyingine ya kuwahi ili kama kuna rufaa ifanyike mapema.

Nimesikia mbegu zake zinapunguza uzito.
Zinakutapisha na kukuharisha kwa sababu zinakutia sumu. Marekani, mwaka 2023 na 2024, mamlaka za afya zilitoa onyo baada ya bidhaa za kupunguza uzito zilizouzwa kama mizizi ya tejokote, mti wa matunda wa Meksiko, kukutwa ni oleanda ya njano. Usimeze mbegu usiyoijua, hata ikiandikwa "asilia" kwa herufi kubwa. Na kama umeshaanza, acha leo na ukapimwe moyo.

Nina watoto wadogo. Niung'oe?
Ndiyo. Vaa glavu, kwa maana utomvu huwasha ngozi. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha ukaonwe. Okota na yale matunda meusi yaliyojificha chini ya majani makavu. Watoto huyavunja kwa mawe wakitafuta cha ndani.