Ukuta wa mawe hautaki saruji yako

Juzi nilikuwa Moshi, kwenye nyumba ya mawe ambayo mwenyewe anataka kuigeuza hoteli ya vyumba kumi na viwili. Hoteli ya hadhi, ya wageni wanaoshuka mlimani wakitafuta maji ya moto na shuka nyeupe. Kabla hatujamaliza kusalimiana akagonga ukuta kwa ngumi, vumbi likamwagika, akasema: "Fundi, unaona ulivyochoka? Bandua lipu yote, tupige saruji nzito, iishi miaka mia nyingine."

Ni mtu wa nne kuniambia maneno hayo tangu masika yaishe. Nilimjibu taratibu kwa sababu ni mzee wangu. Hapa sitajizuia.

Mzee, nyumba hiyo imeishi zaidi ya miaka mia bila saruji. Imekunywa mvua za masika zote hizo ikiwa na lipu ya chokaa, na sehemu pekee inayooza ni ile ambayo mtu aliyekutangulia aliipiga saruji: kona ya bafu na ukuta wa chini wa baraza. Nilimshika mkono nikampeleka akaone. Pale kwenye saruji kuna uvimbe, ukiugonga unalia kama debe tupu, na nyuma yake jiwe limekuwa unga. Pale kwenye chokaa kuna vumbi, nyufa nyembamba na rangi iliyofifia. Yeye aliona vumbi ndilo ugonjwa. Vumbi ni kazi ya ukuta, uvimbe ndio ugonjwa.

Ukuta wa namna hii ni ngozi mbili za mawe, katikati wamejaza mawe madogo na udongo. Unene ni kama sentimita 50 au 60. Chini hakuna nailoni ya kuzuia unyevu kama tunavyoweka sasa juu ya msingi, kwa hiyo maji ya ardhini yanapanda kila mwaka. Yanapanda kwa sababu mawe, udongo na chokaa vina vitundu vidogo, na maji hupanda kwenye vitundu kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Aliyejenga alilijua hilo na wala hakujaribu kuyazuia. Aliyaachia njia ya kutoka. Chokaa ina vitundu pia, kwa hiyo maji yaliyoingia masika yanatoka kiangazi, polepole, kupitia usoni mwa ukuta. Saruji inaziba uso huo. Maji hayarudi chini kwa adabu kwa sababu wewe umepaka saruji. Yanapanda juu zaidi yakitafuta mlango, yanatokea juu ya lipu yako mpya au upande wa ndani, kwenye chumba ambacho utamtoza mgeni hela nyingi. Na yanakuja na chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki, inaganda, inatanuka, inasukuma lipu na kuchubua jiwe. Hapo wanasema saruji ilikuwa feki, wanarudia kwa saruji nzito zaidi. Nimeona ukuta uliopigwa hivyo mara tatu.

Lipu ya chokaa ni nguo ya kazi. Inachafuka, inachanika, unashona nyingine, mwili unabaki mzima. Ukimvika mtu nguo ya bati, bati litabaki zuri na mtu atafia ndani yake.

Kuna jambo la pili, nalo ni kucheza kwa nyumba. Sisi tunakaa kwenye bonde la ufa. Julai 2007, kabla mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai haujalipuka, ardhi ilitikisika tukaisikia Arusha hadi Nairobi. Ukuta wa chokaa ukitikisika unapasuka nyufa nyingi nyembamba kama unywele, na maji ya mvua yanaipeleka chokaa yenyewe ndani ya nyufa, ikaganda tena. Saruji haichezi. Inavumilia, inavumilia, halafu inatoa ufa mmoja mpana, maji yanaingia humo na hayapati pa kutokea.

Sasa nije kwenye linalonikera kuliko saruji yenyewe.

Mji mzima ukisema nyumba ni "ya Mjerumani", maana yake ni nyumba ya mawe yenye baraza na paa la mwinuko. Basi. Lakini Arusha na Moshi zilijengwa na Wajerumani, kisha Waingereza, Wagiriki wa mashamba ya kahawa, Wahindi wa maduka, na mafundi wetu wenyewe ambao majina yao hayakuandikwa popote. Boma la Arusha, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, ni la mwaka 1900 hivi. Wakati huo reli haijafika. Ilifika Moshi mwaka 1911 ikitokea Tanga, na Arusha ilisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1920. Saruji Ulaya ilikuwepo tangu 1824, lakini fikiria pipa la saruji kutoka pwani hadi Meru kwa mabega ya watu na mikokoteni. Mtu mwenye akili anajenga kwa kilicho karibu: jiwe la volkano, udongo, chokaa, mbao za mlimani. Ila nyumba ya miaka ya 1950 yenye sura ileile huenda ilijengwa kwa saruji tangu jiwe la kwanza, na hiyo ukiipiga saruji huikosei. Kwa hiyo sisemi saruji ni mbaya. Najengea saruji kila wiki. Nasema lipu isiwe na nguvu kuliko ukuta inaouvalisha, na kwa hiyo lazima kwanza ujue ukuta wenyewe ni wa nini.

Kujua si kazi ya maabara. Chagua mahali palipofichika, toa jiwe moja, chukua udongo wa kiungo. Ukikwaruza kwa ufunguo ukamomonyoka, na ndani ukaona vipande vyeupe kama punje za mchele, hiyo ni chokaa, na punje zile ni chokaa ambayo haikuchanganyika vizuri. Mara nyingine utaona na chembe za mkaa kutoka tanuri. Ukikwaruza ufunguo ukachubuka, wa kijivu, mgumu, hiyo ni saruji. Ukiwa wa kahawia na unayeyuka kwenye kikombe cha maji, ni udongo mtupu, na hapo uwe mpole mara mbili. Dakika kumi. Sijawahi kukuta mchoro wa ukarabati ambao aliyeuchora amezitumia hizo dakika kumi.

Halafu kuna wale wanaonielewa nusu. Hao wananichosha zaidi. Wanasema, "Sawa fundi, tutatumia chokaa," wanaenda dukani wananunua mfuko wa chokaa ya kupaka miti, wanachanganya na mchanga asubuhi, wanapiga mchana. Au wanasema chokaa, halafu nikigeuka saidia fundi anamwaga saruji "kidogo tu, ili ishike". Saruji kidogo ndiyo mbaya kuliko zote. Haitoshi kushika kama saruji, na inatosha kuzuia chokaa isifanye kazi yake. Ukipata lipu inayobanduka kama ganda la yai baada ya mwaka, uliza nani alimwaga "kidogo".

Chokaa ninayoizungumzia mimi ni jiwe la chokaa lililochomwa kwenye joto la kama nyuzi 900, likazimwa kwa maji, likalala shimoni chini ya maji miezi mitatu au zaidi hadi linakuwa laini kama samli. Nilijifunza Unguja, kwa mzee mmoja ambaye hakuwahi kupima kwa ndoo. Alikuwa anaingiza mwiko, anautoa, anautazama ulivyoshika, anasema bado. Sehemu moja chokaa, tatu mchanga mkali uliooshwa. Tabaka nyembamba, moja kwa wakati, kila moja ikiloweshwa na kufunikwa magunia mabichi, kwa sababu chokaa haikauki kama tope. Inavuta hewa ukaa kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, na ikikosa unyevu haiwezi kuvuta. Jua la Moshi la Januari linaiua kwa siku moja. Hapa kwetu tuna bahati ambayo Unguja hawana: majivu ya volkano. Ukiyasaga vizuri na kuyatia kwenye chokaa, inashika hata penye majimaji. Warumi walifanya hivyo kwa majivu ya Pozzuoli kule Italia, sisi tumekaa katikati ya milima miwili ya majivu tunasubiri lori la saruji.

Wenye nyumba wengi huja na picha za hoteli za Mji Mkongwe kwenye simu. Wanataka zile kuta nyeupe zenye mawimbi, na milango ya nakshi. Kuta nitawapa. Lakini vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi zaidi ya mita tatu hivi. Nyumba za huku zilibebwa na mbao za msituni, vyumba ni vipana. Ukijaribu kuigeuza ya Moshi iwe ya Unguja unapoteza zote mbili. Na milango, tafadhali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940. Usinunue mlango uliong'olewa nyumba ya watu.

Sheria hiyohiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Jengo linalindwa lenyewe kama lilijengwa kabla ya 1863. Hesabu mwenyewe: Arusha na Moshi hakuna nyumba ya mawe ya mkoloni yenye umri huo. Zote zinategemea kutangazwa moja moja. Isiyotangazwa inalindwa na moyo wa mwenye nyumba tu, na moyo huo mara nyingi ndio unaosema bandua lipu yote.

Bafu sasa. Hoteli ya hadhi maana yake kila chumba na bafu lake, na hapa ndipo nyumba nyingi zinauawa. Usichimbe mifereji ya mabomba kwenye ukuta wa mawe. Ukikata mlalo umekata mishipa, mawe ya katikati yanaanza kushuka. Jenga bafu kama kasha ndani ya chumba: ukuta mwepesi, uache nafasi ya hewa kati yake na ukuta wa zamani, sakafu yake yenyewe ya kukinga maji, mabomba yapite humo, dirisha lifunguke kweli ili mvuke utoke. Siku moja mtu akichoka na hoteli, kasha linaondoka na nyumba inabaki. Na tangi lisikae darini. Lita elfu moja ni tani moja, na kenchi zile zilitengenezwa kubeba bati. Jenga mnara nje. Umeme upite kwenye mabomba ya juu ya ukuta, kuwe na ngazi ya pili ya kukimbilia moto ukizuka, hayo mkandarasi yeyote makini anayajua.

Yako mambo ambayo sina uhakika nayo. Nyumba iliyopigwa saruji miaka arobaini iliyopita, niibandue? Ukiibandua inatoka na uso wa jiwe. Ukiiacha inaendelea kuoza ndani. Nimefanya yote mawili. Nyumba moja Usa River niliibandua na nikajuta, tulipoteza sentimita mbili za jiwe ukuta mzima. Nyingine niliiacha, nikachimba mfereji wa kukausha kuzunguka msingi, na hadi leo sijui kama nilifanya hekima au uoga. Kiasi cha majivu ya volkano nakipata kwa kujaribu vipande. Hata wakati wa kuanza kazi niliwahi kukosea: baraza zima lilibaki laini masika yote kwa sababu nilianza kazi Machi nikijua mvua inakuja. Tulikwangua tukaanza upya kwa gharama yangu.

Na hili la hoteli zenyewe. Nyumba ya shamba ya 1929 kule Karatu, Gibb's Farm, inaishi kwa sababu wageni wanalala humo. Sehemu ya shamba la mwigizaji Hardy Krüger kule Momella vilevile. Nyumba isiyo na mtu inakufa, paa likivuja hakuna wa kuona. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 kule Mji Mkongwe, ilianguka ikiwa kwenye ukarabati na watu wawili wakafa, na tangu siku hiyo kila nikiweka ngazi kwenye ukuta wa zamani nahesabu watu walio chini. Kwa hiyo hoteli nazitaka. Ila nyumba ile ya Moshi watoto wa mtaa walikuwa wanacheza barazani kwake, na ikishakuwa hoteli patakuwa na geti na mlinzi. Nimemwomba mzee aliache baraza la mbele wazi, liwe mgahawa wa kahawa ambapo mtu wa Moshi anaweza kukaa. Hajajibu.

Kwenye lipu tumefika nusu ya njia. Mifuko ya saruji alishaagiza, imepangwa ukumbini hadi dirishani. Amekubali kunipa ukuta mmoja, ule wa nyuma upande wa jikoni, ambao unapigwa na mvua kuliko zote. Nusu nitapiga chokaa, nusu atapiga fundi wake, na hatutagusa kuta nyingine hadi masika ipite. Chokaa imeingia shimoni Jumanne.