Funza hawazaliwi na uozo

Samaki akikaa juani kwenye meza ya soko hapa Goma bila chumvi wala kifuniko, haichukui muda mrefu kabla hajajaa funza, na wengi husema kwamba nyama yenyewe, ikishaoza, ndiyo inayogeuka kuwa funza. Imani hiyo ni ya kale, maana hata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliishika, lakini si kweli: funza ni buu, yaani mtoto wa nzi, naye hutoka katika yai.

Mwaka 1668 daktari wa Italia, Francesco Redi, aliweka nyama na samaki katika vyombo, vingine wazi, vingine vimefunikwa kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Vyote vilioza, ila nyama iliyofunikwa haikupata funza, huku nzi wakihangaika juu ya kitambaa na kutaga hapo hapo. Jaribio lenyewe, kusema kweli, lingeweza kufanywa na mama yeyote jikoni mwake.

Ukimtazama funza kwa kioo cha kukuzia, utaona kwenye ncha yake nyembamba kulabu nyeusi za kukwangulia chakula, na upande wa nyuma, ulio butu, madoa mawili ya kupumulia. Ndiyo maana hula akiwa amezamisha kichwa. Kwa kuwa hana miguu, watu humwita mnyoo, ingawa mnyoo hana mabawa ya kungojea, ilhali funza hujifungia ndani ya ganda la kahawia, kisha akatoka nzi kamili.